Jiwe Mkiani mwa Foleni

Miaka ile ya shida Musoma nzima ilikuwa inasimama kwenye foleni, na watu walipochoka kusimama waliacha mawe yasimame badala yao. Kila nyumba ya mtaa wetu wa Kitaji ilikuwa na jiwe lake. Letu lilikuwa jeusi upande mmoja, kwa kuwa lilitoka jikoni. La jirani yetu mvuvi lilikuwa na tundu katikati, maana siku nyingine alilitumia kuzamishia nyavu. Ukiliweka jiwe lako alfajiri mbele ya duka la ushirika, unaweza kwenda ziwani, kanisani au kulala, ukarudi lori likiingia na ukalikuta palepale. Unasimama lilipo. Watu ambao hawakuona taabu kuibiana kuku waliheshimu mawe.

Mimi sikuhitaji jiwe. Nilikuwa na mguu.

Polio ilinipata kabla sijajua kusema, ikaniachia mguu wa kushoto mwembamba kama mwiko, na baba akanichongea gongo. Sheria ya foleni, ambayo sijawahi kuona mahali ilipoandikwa, ilisema mlemavu, mjamzito na kikongwe wapite mbele. Basi nilipofika sekondari nilikuwa nimeshakuwa mali ya mtaa. Lori likisikika tu likipanda gia, akina mama wamejaa mlangoni kwetu na vikapu. "Mwanangu, nisaidie na hii." "Mwanangu, usinisahau." Nilipita mbele nimebeba vikapu shingoni, karani akanipimia sukari bila kuniangalia usoni, na jioni nusu ya Kitaji ilikunywa chai kwa sababu yangu. Sitasema uongo, nililipenda lile neno mwanangu.

Siku moja foleni ikiwa imefika hadi kwenye kona, akaja mwanamke kutoka upande wa Mwisenge kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Miguu yake ilikuwa imekunjwa chini ya kanga, midogo, kama vitu alivyoviweka pembeni kwa muda. Hakuja mbele. Alisimama mkiani, akatoa jiwe kwenye kikapu, akaliegemeza nyuma ya gurudumu, maana baiskeli ile haikuwa na breki, akatulia.

"Mama, pita mbele," mzee aliyekuwa mbele yake akamwambia.

"Wewe baba umefika saa ngapi?"

"Mimi? Tangu kunakucha."

"Mimi nimefika sasa hivi. Basi niko nyuma yako."

"Lakini wewe ni mgonjwa."

"Nani kakwambia naumwa?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni huyo. Atakuwa na gunia zima uvunguni." Nikawa narudi kutoka mbele na vikapu vyangu, nikipita kando ya foleni, naye akaniita kama vijana wanavyoitwa huku kwetu Mara.

"Mura, hebu njoo. Hiyo sukari yote ya kwenu?"

"Ya majirani, mama."

"Wanakupaga nini?"

"Wananishukuru."

"Juzi kulikuwa na harusi hapo Kitaji. Ulicheza?"

"Nilibaki kulinda nyumba."

Akavitazama vikapu, akanitazama mimi. "Haya nenda," akasema. "Usimwage."

Sukari iliisha kabla hajafika dirishani. Nilimwona akichukua jiwe lake na kuondoka polepole, mikono ikizungusha, kikapu kitupu. Nyumbani nilimsimulia mama. Mama akasema, "Kiburi hicho. Mlemavu na kiburi wapi na wapi?" Na mimi kwa miaka mingi nilikubaliana na mama.

Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza maswali na kutongoja majibu. Kule Mlimani nilihoji kila kitu: Mungu, Chama, bei ya wali wa kantini, walimu waliotufundisha usawa huku gari zao zikiwangoja nje. Swali moja tu halikunijia. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa na haki ya kupita mbele alikataa.

Jibu lilinifuata nyumbani. Niliporudi Musoma foleni zilikuwa zimekufa. Duka la ushirika lilikuwa na kufuli lenye kutu, na mkabala wake watu binafsi walikuwa wamefungua maduka ya kila rangi: sukari hadi mlangoni, sabuni za harufu, redio, mitumba inayoning'inia kama watu waliochoka. Kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa kazi, kwa sababu serikali iliyokuwa inampangia kila mhitimu kituo chake ilikuwa imefunga mlango huo. Nikakaa kwa baba. Hakuna aliyekuja na kikapu. Yule mama aliyeniita mwanangu kuliko wote alinikuta njiani akasema, "Kumbe bado upo?" akapita na mfuko wake wa sukari. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wananipenda mimi. Walikuwa wanapenda kupita mbele, na mguu wangu ndio uliokuwa mlango.

Yule mwanamke wa baiskeli alikuja mwenyewe hadi kwetu. Wakati huo alikuwa anaongoza chama cha watu wenye ulemavu, kwa hiyo wote walimwita Mwenyekiti, na wahuni wa stendi walimwita Mwenyekiti Mwenye Kiti Chake, akacheka nao. Alikuwa amesikia kwamba yule kijana wa vikapu amesoma.

"Msomi, umerudi kukaa?"

"Natafuta kazi, mama."

"Kazi ninayo. Mshahara sina."

Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nayo. Chama kinadai nini? Kina wanachama wangapi? Nani atawasikiliza? Mtu akidai haki kwa serikali isiyo na dawa hospitalini, anadai kutoka wapi? Yeye alikuwa anamenya muhogo aliopewa na mama, akanijibu bila kuacha kumenya.

"Unaulizaga vizuri. Njoo uulizie kwenye ofisi za watu, siyo hapa."

Ndivyo nilivyokuwa katibu.

Habari zake nilizipata vipande vipande, kwenye cherehani yake ya mkono pale Mwisenge, alipokuwa anashona sare za shule. Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Butiama. Mama yake alimbeba mgongoni hadi mgongo ukakataa, halafu yeye mtoto akawa anakaa kwenye chumba cha kuhifadhia mtama. Wageni wakija, baba aliwaambia ana watoto wanne. "Mimi nilikuwa wa tano," alisema. "Niko nyuma ya ukuta, nasikia wanavyohesabu vibaya." Alifika Musoma juu ya mkokoteni wa mihogo, na fundi mmoja Mwislamu wa mjini akamfundisha kushona. Alipomwuliza fundi kama hajali miguu yake, fundi alimwambia, "Mimi nahitaji mtu wa kuzungusha mkono. Miguu ninayo yangu."

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuwatoa watoto ndani. Tulikwenda Bunda, tukaenda vijiji vya Butiama, kwenye nyumba ambazo majirani walituonyesha kwa kidevu tu. Nakumbuka boma moja ambapo baba mwenye nyumba alisimama mlangoni akasema, "Hapa hatuna mtu wa namna hiyo." Nyuma ya pazia mtu alikuwa anagonga bakuli.

"Sawa, baba," Mwenyekiti akasema. "Basi nitamngoja huyo asiyekuwepo."

Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu katikati ya ua, akatoa sare ya mtu na sindano, akaanza kushona vifungo. Wageni walipita wakasalimia, wakauliza huyu ni nani, baba akajifanya anafukuza kuku. Mama wa nyumba akaleta uji. Jua lilipoanza kulala baba mwenyewe aliingia ndani akatoka na binti amembeba, binti amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Mwenyekiti alimuuliza binti kama anajua kukata uzi kwa meno.

Nilimstahi kwa hilo. Lakini nilikuwa bado sijamwelewa, na ushahidi ni jinsi tulivyogombana kuhusu soko.

Kule Nyakato, mtaa mwingine wa Musoma, kulikuwa kumejengwa soko dogo jipya. Wafanyabiashara walikuwa wengi, vizimba vichache, na kamati ya soko ikaamua vigawiwe kwa kura. Mwenyekiti alikitaka kimoja kwa roho yake yote, kizimba cha karibu na geti, ambako wazazi wanaotoka shule wangeona sare kabla ya kuona nyanya. Alikwisha kukipima kwa macho. Alijua cherehani itakaa wapi na baiskeli itageuka wapi.

Katibu wa kamati, bwana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akatuita kabla ya siku ya kura.

"Ninyi tumewafikiria," akasema. "Msihangaike na kura. Kuna chumba kule mwisho, jirani na choo. Cha walemavu wote. Bure kabisa. Ila anayechukua chumba asiingie kwenye kura, na anayeingia kwenye kura asidai chumba."

Tulikutana uani kwa Mwenyekiti. Wenzetu wa Bunda walikuja pia, na mzee kipofu wa hapahapa Musoma aliyekuwa anauza tumbaku, mtu asiyeonewa na maneno.

"Chumba ni chumba," mzee akasema. "Harufu ya choo nitaizoea. Njaa nimejaribu kuizoea nimeshindwa."

Nilimuunga mkono. "Mama, kura ni bahati. Unaacha uhakika unafuata bahati. Kwa nini?"

"Wewe ukiingia kwenye kile chumba," akaniuliza, "utakuwa umekwenda kununua au kutoa sadaka?"

"Mteja ni mteja."

"Nani atakwenda chooni kutafuta sare ya mwanawe?"

"Na kwenye kura ukikosa?"

"Nitakosa."

"Huo ndio mpango?"

"Ndio huo."

"Huo siyo mpango," mzee wa tumbaku akasema. "Hiyo ni njaa yenye mwenyekiti."

Tulicheka wote, naye pia. Kisha akasema kwamba anayetaka chumba achukue, hatamlaumu mtu mwenye watoto. Lakini yeye hataingia kwenye chumba kile, kwa sababu tukikipokea Musoma, kesho Bunda watajenga cha kwao karibu na choo na kuona wametenda wema, na keshokutwa Butiama. Mzee alichukua chumba. Simlaumu hata sasa. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikijiambia kwamba kuna watu wanapenda kanuni kuliko chakula.

Siku ya kura vikaratasi vilikunjwa vikatiwa kwenye ndoo mpya ya plastiki, vingine vikiwa na namba, vingi vikiwa vitupu. Umati ulikuwa mkubwa. Katibu wa kamati akapaza sauti, "Tuanze na mama yetu. Mpisheni."

Watu wakaanza kumpisha. Ilikuwa foleni ileile ya zamani, haijafa, imebadilisha duka tu.

"Mimi niko nyuma ya huyu kijana wa shati la kijani," Mwenyekiti akasema, na hakusogea.

Kijana wa shati la kijani, muuza betri na kufuli, alichovya mkono akatoa karatasi tupu. Akaipuliza ikaanguka. Zamu ya Mwenyekiti ikafika. Nilikuwa nimesimama karibu naye, niliona vidole vyake vikichagua ndani ya ndoo kama vinavyochagua vifungo, na niliona karatasi ilipofunguka. Haikuwa na kitu.

Umati ulinyamaza. Kwa kijana wa shati la kijani hakuna aliyenyamaza. Mfanyabiashara wa sato aliyekuwa amepata kizimba akajisogeza mbele, uso umejaa huruma.

"Mama, chukua changu."

"Wewe utauzia wapi samaki wako?"

"Nitajua."

"Hujui. Kauze samaki, baba. Ahsante."

Katibu wa kamati akainama, sauti ya chini. "Kile chumba kinaweza kuongezwa mtu."

"Nimekosa, bwana katibu. Na huyu kijana amekosa. Mbona yeye humwinamii?"

"Hata mimi nipe cha chooni, mkuu," kijana akasema. "Mimi sina pua."

Kicheko kile kiliokoa siku. Njiani kurudi Mwisenge nilimsukumia baiskeli kwenye kilima, na hasira yangu ikanitoka mdomoni.

"Umefurahi sasa?"

"Nimeumia," akasema. "Nilikitaka sana kile kizimba."

"Basi?"

Alizungusha kidogo kabla ya kujibu. "Maisha yangu yote nimekosa vitu peke yangu. Leo nimekosa pamoja na watu. Niache nilie kwanza, halafu tutaona."

Na kweli alilia, huku anazungusha.

Walioikosa kura hawakwenda kulala. Wiki hiyohiyo walipanga bidhaa zao chini nje ya geti la soko: betri, vitana, dagaa, nyembe. Mwenyekiti akapanga sare zake kwenye turubai pembeni yao, cherehani juu ya kigoda, jiwe nyuma ya gurudumu. Aliuza. Wazazi waliziona sare kabla ya nyanya, kama alivyokwisha kusema. Kamati ikalalamika kwamba biashara ya chini inaua soko, na asubuhi moja likaja lori la mgambo.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeleta uzi. Walipakia watu na mizigo kwa fujo, kijana wa shati la kijani akarushwa juu na kufuli zake zikimfuata zikigongana. Lakini walipofika kwenye turubai la sare waligawanyika, wakapita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Mmoja hata aliokota sketi iliyoanguka, akaikung'uta, akairudisha.

"Mbona mnanipita?" Mwenyekiti akauliza.

Kiongozi wao, mtu mzima mwenye kofia iliyofifia, akasema, "Mama, wewe baki. Huna kosa."

"Hawa kosa lao nini?"

"Wamepanga chini."

"Na mimi nimepanga wapi?"

"Mama, usitutafutie laana," kiongozi akasema kwa sauti ndogo, na hakuwa anatania. Kwetu wengi wanaamini ukimgusa kilema kwa ubaya, ubaya huo unarudi tumboni mwa mkeo.

"Laana sina. Nina sare za shule. Kama hawa wana kosa nami ninalo, nipakieni. Kama mimi sina, washusheni."

Kutoka juu ya lori kijana wa shati la kijani akasema, "Afande, mpakie bwana. Nafasi ipo."

Waliangaliana. Kuwashusha wote hawakuweza, na kuondoka huku umati unacheka hawakuweza pia. Mwishowe waliinua baiskeli na mwenyewe akiwa ndani, taratibu, kama watu wanaobeba trei ya mayai. Mimi nikaweka gongo langu kwenye tairi kutaka kupanda.

"Wewe hukuuza kitu," akaniambia kutoka juu. "Niletee jiwe langu."

Basi nikapita katikati ya Musoma na gongo mkono mmoja na jiwe mkono mwingine, hadi mahakama ya mwanzo, watu wakiniuliza nakwenda kumpiga nani.

Nilimkuta nje. Wenzake walikuwa wameshaingizwa. Mbele yake kulikuwa na ngazi za saruji, na mgambo wawili waliotaka kumbeba.

"Gunia hubebwa," alikuwa anawaambia. "Mimi nimeshitakiwa."

"Basi subiri hapa, hukumu tutakuletea."

"Kosa nimefanya mwenyewe, nitalisikia mwenyewe."

Kesi ikakwama. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, alitoka mlangoni kuona kinachochelewesha. Alizitazama ngazi kwa muda mrefu, kama mtu ambaye amezipanda kila siku na hajawahi kuziona. Kisha akamtuma karani kwa seremala wa ng'ambo ya barabara, zikaletwa mbao mbili nene za vitanda, zikalazwa juu ya ngazi. Mwenyekiti alishika vishikio akazungusha. Mbao zililia. Nusu ya njia baiskeli ilitaka kurudi nyuma, nikaegemeza jiwe kwenye gurudumu, akapumua, akazungusha tena, akaingia. Waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka wote.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Wote walikiri. Hakimu akawapiga faini mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwenyekiti sauti yake ikalainika.

"Mama, wewe mahakama inakuonya tu. Nenda nyumbani."

Mwenyekiti hakusogea. "Mheshimiwa, kosa langu ni dogo kuliko la hawa?"

"Ni lilelile."

"Basi naomba faini yangu."

Karani akaacha kuandika. Kutoka benchi la washitakiwa kijana wa shati la kijani akasema, "Mheshimiwa, mpe tu. Huyu atatulaza hapa."

Nilidhani hakimu atakasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akairudisha. Safari hii alimtazama kama alivyowatazama wengine, kwa ukali uleule wa mtu mwenye kesi nyingi. Akatamka faini, ileile, na onyo kali juu yake. Mwenyekiti akafungua fundo la kanga akalipa, akapewa risiti, akaiweka kifuani. Sijawahi kuona mtu akipokea adhabu kwa uso ule.

Seremala alikuja kudai mbao zake. Lakini kesi iliyofuata ilikuwa na mzee wa magoti mabovu aliyekuwa ameanza kuzipandia, na hakimu akamwambia seremala angoje. Nilipopita pale mwezi uliofuata bado alikuwa anangoja.

Tulipata nini? Ndivyo nilivyojiuliza usiku ule, na ndivyo ninavyojiuliza bado, kwa kuwa siyo tabia yangu kuacha. Tulipata faini na mbao mbili za kitanda. Kizimba hakipo. Mzee wa tumbaku bado anauza jirani na choo, na wateja wake wanamwachia sarafu bila kuchukua tumbaku, jambo linalomuudhi kuliko harufu. Na nyuma ya ukuta fulani, leo hii, kuna mtoto anasikiliza watu wakihesabu vibaya. Sitaki kuyapamba.

Lakini kesho yake asubuhi nilipokwenda sokoni, safu ya waliokosa kura ilikuwa imepangwa tena nje ya geti. Yeye alikuwa mkiani, kwa sababu alichelewa kufika. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Yule kiongozi wa mgambo alikuwa anapita kwa baiskeli, hayuko kazini, akasimama na mguu mmoja chini.

"Mama, unajua tutarudi."

"Najua."

"Na sasa tunakujua."

Alisogeza jiwe likae vizuri nyuma ya gurudumu, halafu akainua uso.

"Ndivyo nilivyotaka," akasema. "Mkija, msinipite."